Zilipo, Ziliko au Zilimo? Uhakiki wa Lugha ya Mahali katika Sheria za Ushahidi wa Kielektroniki Uliowekwa Nje ya Nchi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya mahali katika sheria na mikataba inayohusu ushahidi wa kielektroniki uliowekwa nje ya nchi. Hoja yake ni kwamba Kiingereza, lugha ambamo sheria nyingi za aina hii ziliandikwa, humruhusu mtunga sheria kunyamaza kuhusu namna data zinavyokuwa mahali, ilhali Kiswahili hakimruhusu mfasiri kunyamaza. Sharti achague kati ya -po, -ko na -mo, kati ya kutoa na kuleta, na aamue kuhifadhi ni kufanya nini. Kila uchaguzi wa namna hiyo ni uamuzi wa kisheria. Uhakiki unaegemea kesi ya Marekani dhidi ya Microsoft (2013–2018), Mkataba wa Budapest wa 2001 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2024, na unaangalia mahitaji ya mahakama za Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kesi ya jinai huanza na swali la mahali. Hati ya mashtaka hutaja tarehe, tendo, na mahali tendo lilipotendeka, kwa sababu mamlaka ya mahakama hayavuki mpaka kwa urahisi. Mwizi wa ng'ombe alikamatwa na ng'ombe. Panga lenye damu lililetwa mahakamani likapewa namba ya kielelezo. Ushahidi na mahakama vilikuwa katika ardhi moja, na ikitokea shahidi amehamia upande wa pili wa mpaka, serikali moja iliiandikia nyingine barua.

Makosa ya mtandao yameuvunja utaratibu huo bila kubadilisha msamiati wake. Tapeli anaweza kuketi Mwanza, aliyetapeliwa akawa Kampala, akaunti ya barua pepe iliyotumika ikawa ya kampuni yenye makao yake California, na maandishi yenyewe yakawa kwenye seva iliyoko Ireland au Finland. Polisi wanajua wanachokitafuta. Wanajua hata ni nani awezaye kukitoa. Wasichojua, na mara nyingine kampuni yenyewe haikijui kwa hakika, ni mahali kilipo. Hata hivyo barua za kuomba msaada, amri za mahakama na maandishi ya wanasheria huendelea kutumia kirai kimoja kana kwamba hakina utata: data zilizohifadhiwa nje ya nchi.

Neno data halina tatizo kubwa hapa, ukiacha ugomvi wa zamani kuhusu iwapo ni data hii au data hizi. Makala haya yanafuata wingi. Tatizo limo katika kitenzi hifadhi, na limo zaidi katika jambo ambalo kirai hicho hakilisemi kabisa, yaani data hizo zinakuwaje mahali.

Swali hili halikuwa na uzito mkubwa wakati sheria zetu zilipokuwa za Kiingereza na mahakama zetu zikiandika hukumu kwa Kiingereza. Hali imebadilika. Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, Uganda ilikiingiza katika Katiba kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria zenyewe za mtandao, kwa upande mwingine, zilizaliwa katika Kiingereza: Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki za Tanzania za 2015, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya 2011, na ile ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Mfasiri anakabidhiwa matini iliyokwisha kuamua kutoamua, kisha anatakiwa aiandike katika lugha isiyompa nafasi hiyo.

2.0 Barua zilizokuwa Dublin

Desemba 2013 hakimu wa mahakama ya shirikisho jijini New York alitoa hati iliyoitaka kampuni ya Microsoft itoe yaliyomo katika akaunti moja ya barua pepe, katika upelelezi wa biashara ya dawa za kulevya. Hati hiyo ilitegemea sheria ya mawasiliano yaliyowekwa katika mifumo, iliyotungwa mwaka 1986, kabla wavuti haijakuwapo. Microsoft ilikabidhi taarifa za akaunti zilizokuwa Marekani, lakini ikakataa kukabidhi barua zenyewe kwa kuwa zilikuwa katika kituo chake cha data cha Dublin. Mwaka 2014 kampuni ilishindwa mbele ya hakimu huyo, kisha mbele ya jaji wa wilaya. Julai 2016 mahakama ya rufani iliipa ushindi. Januari 2017 majaji wa mahakama hiyo waligawanyika wanne kwa wanne kuhusu ombi la kuisikiliza upya. Tarehe 27 Februari 2018 Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja za pande zote mbili, lakini haikufika kwenye hukumu: tarehe 23 Machi sheria mpya iitwayo CLOUD ilitiwa saini, na tarehe 17 Aprili kesi ikafutwa kwa kuwa hapakuwa tena na la kubishania.

Mambo mawili katika kesi hiyo yanastahili kutazamwa na mwanaisimu kuliko hata hukumu yenyewe. La kwanza ni sababu ya barua kuwa Dublin. Mtu alipofungua akaunti aliulizwa yuko nchi gani. Jibu lake, ambalo halikuthibitishwa na mtu yeyote, ndilo lililoipeleka akaunti kwenye kituo cha data kilicho karibu na nchi aliyoitaja. Ina maana mahali pa ushahidi palitokana na neno la mtumiaji mwenyewe. La pili ni kwamba mfanyakazi aliyeketi Marekani angeweza kuzifikia barua hizo kwa programu ya kampuni bila kuinuka kitini. Mtu anaweza kuuliza, basi, zilikuwa wapi?

Kiswahili sanifu kina ngeli ya mahali, na ngeli hiyo ina sura tatu. PA- huonyesha mahali mahususi, panapojulikana. KU- huonyesha mahali pasipo dhahiri, au upande ambako kitu kinaelekea. MU- huonyesha undani. Mwanafunzi wa shule ya msingi huzijua sura hizi kwa mifano ya vikombe na kabati, naye huzisahau baada ya mtihani. Katika kesi ya Dublin ndizo zilizobishaniwa, ingawa hakuna aliyekuwa na viambishi vya kuzitaja.

Microsoft ilisema, kwa maana, kwamba barua zimo Dublin: zimo ndani ya seva, seva imo ndani ya jengo, na jengo limo ndani ya dola nyingine. Hati ya New York haiingii ndani ya dola nyingine. Serikali ya Marekani ilisema kwamba barua ziko tu. Ziko upande wa kampuni, na kampuni ipo hapa, mbele ya mahakama. Mahakama ya rufani ilisoma -mo. Iliona kuwa lengo la sheria ya 1986 lilikuwa kulinda faragha, kwamba faragha ingeingiliwa pale barua zinapochukuliwa, yaani Dublin, na kwamba Bunge la Marekani halikuonyesha nia ya kuivusha sheria hiyo mpaka.

Sheria ya CLOUD haikulijibu swali hilo. Ililiondoa. Sasa mtoa huduma anatakiwa kukabidhi data zilizo mikononi mwake au chini ya udhibiti wake bila kujali kama zimo ndani au zimo nje ya Marekani. "Ziko wapi?" imekuwa "ziko kwa nani?" Katika Kiingereza mabadiliko hayo ni makubwa, maana mahali na mtu ni vitu viwili. Katika Kiswahili si makubwa kiasi hicho: kwa yenyewe ni KU- pamoja na kihusishi -a, na "kwa Asha" bado ni mahali. Mfasiri anayedhani ameiepuka ngeli ya mahali kwa kuandika "zilizo kwa mtoa huduma" ameirudisha kwa mlango wa uani.

Kuna hatari nyingine katika sentensi hiyo hiyo. Wengi wangetafsiri sharti la sheria ya CLOUD, na sharti kama hilo katika Ibara ya 18 ya Mkataba wa Budapest, kwa neno milki. Katika Kiswahili cha kawaida anayemiliki ni mwenye mali. Kampuni ya barua pepe si mwenye barua, imezishika tu. Ukiandika kuwa kampuni inamiliki data za wateja wake umeshaamua, kwa neno moja, mgogoro ambao mahakama na wabunge wa nchi nyingi bado wanauepuka. Kushika au kuwa na data mkononi kunatosha, hata kama hakupendezi sana katika maandishi rasmi.

Kesi ya Dublin ilikuwa rahisi kwa namna moja: angalau mji ulijulikana. Februari 2017 hakimu wa shirikisho jijini Philadelphia alikutana na Google, ambayo mfumo wake hugawa faili katika vipande na kuvihamisha vyenyewe kati ya vituo vya data kwa ajili ya ufanisi. Leo kipande kimoja kiko nchi hii. Kesho, nchi nyingine. Hakimu aliiamuru kampuni itoe data. Mtu akizisoma kesi hizo mbili kwa jicho la sarufi ataona kuwa -mo inaweza kubishaniwa Dublin, lakini Philadelphia haina pa kushikilia. Data hizo hazimo popote kwa muda wa kutosha kuandikiwa barua ya kidiplomasia. Ziko, basi.

3.0 Kutoa, kuleta, kukamata

Vitenzi navyo vina mahali ndani yake. Anayetoa kitu huanzia ndani kwenda nje. Anayeleta hutoka kule kuja huku. Amri ya mahakama inayosema "kampuni itoe data" inachukulia kuwa data ziko ndani ya uwezo wa aliyeamriwa, hapa alipo. Inayosema "kampuni ilete data" inakiri kuwa ziko kwingine na kwamba kuna safari. Serikali ya Marekani ilitetea kutoa. Microsoft ilisema kuwa kinachotakiwa ni kuleta. Mahakama ya Juu ya Rufani ya Ubelgiji, katika shauri la Yahoo lililoamuliwa tarehe 1 Desemba 2015, ilichagua kutoa: kampuni inayotoa huduma zake kwa watu wa Ubelgiji inawajibika kukabidhi taarifa za mteja huko huko Ubelgiji, na amri hiyo haimlazimishi ofisa yeyote wa Ubelgiji kufanya tendo nje ya nchi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini msomaji wa Kiswahili anaona mara moja inapojificha: kukabidhi kunatazamwa, na kuleta kulikotangulia hakutazamwi.

Kukamata kuna tabu zaidi. Kitu kilichokamatwa hakiko tena kwa mwenyewe; ndiyo maana ya neno. Mwishoni mwa mwaka 2000 makachero wa FBI waliwavuta Warusi wawili hadi Seattle kwa kisingizio cha usaili wa kazi katika kampuni ya uongo, wakawaacha watumie kompyuta iliyowekwa programu ya kunasa kila herufi iliyobonyezwa, wakapata nywila zao, kisha wakazinakili data kutoka kwenye kompyuta zilizokuwa Chelyabinsk kabla ya kupata hati ya mahakama. Mshtakiwa Vasiliy Gorshkov alipopinga ushahidi huo, mahakama mwaka 2001 ilisema kuwa kunakili si kukamata, kwa sababu data zilibaki zilipokuwa na wenyewe waliweza kuzitumia. Urusi haikuridhika, mwaka 2002 idara yake ya usalama ilifungua shauri dhidi ya kachero mhusika. Upande mmoja uliangalia kilichobaki, upande mwingine uliangalia mguu ulioingia. Watunzi wa Mkataba wa Budapest walilijua tatizo hili, ndiyo sababu Ibara ya 19 haikutosheka na kitenzi cha kukamata bali iliongeza maneno ya kuipata na kuilinda data kwa njia inayofanana na hiyo. Tafsiri ya Kiswahili inayoandika kukamata peke yake inakata nusu ya ibara.

4.0 Mzigo wa kitenzi kuhifadhi

Hapa ndipo Kiswahili cha sheria ya mtandao kilipo dhaifu kuliko popote, na kosa si la lugha bali la waitumiao.

Mkataba wa Budapest, uliofunguliwa kwa kusainiwa tarehe 23 Novemba 2001, unatenganisha mambo matatu. Jambo la kwanza ni hali ya data kuwa zimewekwa katika mfumo. Jambo la pili ni amri ya haraka kwamba data ambazo tayari zipo zisifutwe wala zisibadilishwe mpaka taratibu za kuziomba zikamilike: Ibara ya 16 inaipa amri hiyo ukomo wa siku 90, unaoweza kuongezwa, na Ibara ya 29, inayohusu ombi la nchi nyingine, inataka muda usiopungua siku 60. Jambo la tatu ni wajibu wa kampuni kukusanya na kubaki na data za wateja wake wote kwa ajili ya siku zijazo, awe mteja anashukiwa au hashukiwi. Jambo hili la tatu Mkataba haulidai, na maelezo yaliyoambatana nao yanasisitiza tofauti yake na la pili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Makosa ya Mtandao, uliopitishwa na Baraza Kuu tarehe 24 Desemba 2024 na kufunguliwa kwa kusainiwa Hanoi tarehe 25 Oktoba 2025, nao una ibara ya amri ya haraka ya aina hiyo hiyo.

Mambo hayo matatu Kiingereza kinayaita kwa maneno matatu. Kiswahili kilichozoeleka kinayaita kuhifadhi, kuhifadhi na kuhifadhi. Ibara ya 16 inageuka kuwa "uhifadhi wa haraka wa data zilizohifadhiwa", kirai ambacho msomaji makini atakirudia mara mbili kisha ataendelea akiwa hajaelewa. Si suala la uzuri wa maandishi tu. Ofisa akiandika "tunaomba data hizi zihifadhiwe", kampuni inaweza kujibu kwa nia njema kabisa kwamba zimehifadhiwa. Yaani zimewekwa, kama data nyingine zote, na zitafutwa siku yake ya kufutwa ikifika. Mwananchi akisoma kwamba sheria inaruhusu "kuhifadhi mawasiliano" ataelewa kuwa mazungumzo ya kila mtu yanakusanywa. Mbunge anayetaka kweli kukusanya mazungumzo ya kila mtu atasema kwamba sheria ya aina hiyo ipo tayari.

Neno liliharibikia wapi? Historia yake iko wazi. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kulinda na kutunza kisipotee. Aliyehifadhi Qurani ameiweka moyoni neno kwa neno, bila kupungua na bila kuongezeka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti haiitwi hifadhi kwa sababu wanyama wamewekwa humo kama magunia ghalani, bali kwa sababu mahali hapo panalindwa pasibadilishwe. Maana ya asili, basi, ni ile ya pili katika Mkataba: kulinda kilichopo kibaki kama kilivyo. Ni kompyuta iliyolivuta neno upande mwingine. Programu zilipotafsiriwa, kitufe cha kuweka faili kiliandikwa "Hifadhi", na kizazi kizima kimejifunza kuwa kuhifadhi ni kubonyeza kitufe hicho. Kiarabu kwa upande wake kina mzizi tofauti kwa kuweka ghalani, mzizi ule ule uliotupa hazina.

Pendekezo linalofuata hapa si geni. Kuhifadhi kurudishwe kwenye kazi yake: kulinda data zilizopo zisifutwe wala zisibadilishwe. Data kuwa kwenye seva kuitwe kuwekwa au kutunzwa. Kukusanya data za watu wote kwa ajili ya siku zijazo kuitwe kulimbikiza. Kulimbikiza kuna ladha ya ubaya kidogo, nao watakaolipinga neno hili watalipinga kwa sababu hiyo. Lakini sheria inayolimbikiza data za raia haina haki ya kujificha nyuma ya neno tunaloliheshimu kwa ajili ya Qurani na Serengeti. "Amri ya haraka ya kuhifadhi data zilizowekwa" ni kirai ambacho hakimu wa wilaya anaweza kukisoma mara moja na kukifuata.

Inafaa kutaja hapa kwamba mikataba yote miwili mikubwa imewahi kuandikwa bila Kiswahili. Matini rasmi za Mkataba wa Umoja wa Mataifa ni za Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa Malabo wa 2014, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2023, una matini za Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Kazi ya kuamua istilahi hizi itafanyika kwetu au haitafanyika.

5.0 Simu ya mtuhumiwa

Mpaka hapa mifano imekuwa ya Marekani na Ulaya, kwa sababu kampuni kubwa ziko huko na mahakama za huko ndizo zilizolazimika kuamua mapema. Athari zake zinaonekana katika kituo cha polisi cha kawaida Afrika Mashariki. Tuchukue mfano wa kubuni. Mlalamikaji anatishiwa kuwa picha zake zitasambazwa asipolipa fedha. Anaandika maelezo kwa Kiswahili. Sentensi yake inaweza kuwa mojawapo ya tatu: picha zimo kwenye simu yake, picha ziko kwenye simu yake, picha bado zipo kwenye simu yake. Ofisa anayeandika ripoti kwa Kiingereza ataandika sentensi moja kwa zote tatu.

Sentensi hizo tatu zinafungua njia tatu za kisheria. Kama picha zimo, zipo katika kumbukumbu ya simu yenyewe, na hati ya upekuzi ya hakimu wa mahali hapo inatosha. Kama ziko, huenda simu inazionyesha tu huku zenyewe zikiwa katika akaunti iliyowekwa nje. Basi itabidi kuiandikia kampuni, na kwa kawaida kutumia sheria ya kusaidiana katika mashauri ya jinai, ambayo Tanzania iliitunga mwaka 1991 na Kenya mwaka 2011. Kama hoja ya mlalamikaji ni kwamba bado zipo, yaani hazijafutwa, jambo la kwanza si upekuzi bali ni amri ya kuhifadhi kwa haraka, kabla mtuhumiwa hajagundua. Mahakama ya Juu ya Marekani iligusa tofauti hiyo hiyo katika shauri la Riley la Juni 2014, ilipoona kuwa mtu anayeshika simu mara nyingi hajui kama anachokiona kimo ndani yake au kinatoka mbali, na ikafananisha kupekua kilicho mbali kwa kupitia simu na kuchukua ufunguo mfukoni mwa mshukiwa kisha kwenda kuifungua nyumba yake.

Barua inayopelekwa Marekani kuomba yaliyomo katika mawasiliano inapimwa kwa kipimo cha sheria ya Marekani: ni lazima ionyeshe sababu mahususi za kuamini kuwa ushahidi wa kosa fulani umo katika akaunti fulani. Sharti hilo ni la -mo. Maelezo ya shahidi yaliyosema ziko, yakatafsiriwa kana kwamba yamesema zimo, yameahidi zaidi ya alichokijua shahidi. Yakitafsiriwa kinyume chake, ombi linarudishwa kwa kukosa uthabiti na miezi inapotea. Uingereza ilisaini makubaliano ya mkato na Marekani mwaka 2019 na Australia mwaka 2021, ili polisi wao waiandikie kampuni moja kwa moja. Nchi zetu bado zinapita njia ndefu, na katika njia ndefu kila neno linasomwa na watu wengi.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni zito, na halifai kupuuzwa. Wasemaji wengi hawatofautishi -po, -ko na -mo kama vitabu vya sarufi vinavyotaka. Nairobi na Lubumbashi iko hubeba karibu kila kitu. Tanzania yupo na yuko hupishana katika sentensi ya mtu mmoja. Msemaji wa Kiganda huja na ku inayomaanisha juu ya kitu, na msemaji wa Kinyarwanda naye ana ku na mu zake. Akiandika Kiswahili, mkono hufuata mazoea ya nyumbani. Kumfunga mtu, au kumwachia, kwa sababu shahidi alisema ziko badala ya zimo kungekuwa ukatili wa kisarufi.

Pingamizi hilo linaonyesha kuwa kiambishi cha shahidi hakiwezi kuwa ushahidi. Halionyeshi kuwa kiambishi cha sheria kinaweza kuachwa kijiamulie. Ofisa anayechukua maelezo anapaswa kuuliza: uliziona ukiwa umewasha intaneti au umeizima? Zilikuwa ndani ya programu gani? Uliingia kwa nywila ya nani? Majibu yaandikwe kama yalivyo, na kiambishi kifuate majibu. Kwa upande wa sheria, mwandishi wake ana anasa ambayo shahidi hana: anaweza kufasili.

6.0 Kifungu cha fasili

Sheria za Afrika Mashariki zina mazoea ya kuanza na kifungu cha tafsiri, ambamo maneno hupewa maana kwa madhumuni ya sheria hiyo. Viambishi havijawahi kuingia humo, lakini hakuna kanuni inayovizuia. Kifungu kinachofaa kingeweza kusomeka hivi: "Kwa madhumuni ya Sheria hii, data zimo mahali iwapo kifaa kilichozibeba kimo mahali hapo wakati amri inapotolewa, data ziko kwa mtu iwapo mtu huyo anaweza kuzitoa, hata kama hajui zimo mahali gani, na data zipo iwapo hazijafutwa, popote zilipo."

Maneno ya mwisho, popote zilipo, yatasumbua wanasarufi, kwa kuwa yanatumia PA- ya mahali mahususi kwa mahali pasipojulikana. Popote ziliko ingefuata kanuni zaidi. Lakini popote zilipo ndiyo kauli ambayo watu wanaitumia na kuielewa kutoka Lamu hadi Kigoma, nayo haileti utata wowote katika kifungu hiki, kwa sababu kazi ya kutenganisha imekwisha kufanywa na sehemu mbili za mwanzo. Kinachobaki ni neno nje. Kifungu hiki hakilihitaji: data zimo katika nchi fulani au hazimo, ziko kwa mtu aliye chini ya mahakama hii au haziko kwake, na amri ya mahakama inaweza kuandikwa yote bila kulitaja hata mara moja.